Kwa Nini Anna May Wong Hakupewa Uhusika wa O-Lan

Mwishoni mwa mwaka 1935 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, inayojulikana zaidi kama MGM, ilikuwa ikikamilisha orodha ya waigizaji wa The Good Earth, filamu kubwa iliyokusudiwa kusimulia maisha ya mkulima wa Kichina aitwaye Wang Lung na mkewe O-Lan. Wakati huo Marekani ilikuwa na mwigizaji mmoja tu wa kike mwenye asili ya Kichina ambaye jina lake lilitambulika kuanzia Los Angeles hadi Berlin, naye ni Anna May Wong. Alikuwa na umri wa miaka 30, alikuwa ameonekana katika filamu tangu akiwa binti mdogo, alikuwa amepanda majukwaa ya London, Vienna na New York, na hakuficha kwamba aliutaka uhusika wa O-Lan. Hakuupata. Uhusika huo alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani ambaye alikuwa ameingia Hollywood mwaka huohuo, na tarehe 10 Machi 1938 Rainer akatunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kuucheza.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kisa hiki ni mafupi na yanaridhisha haraka: kwamba kanuni za maadili za filamu za wakati ule zilikataza mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti, kwamba mume katika filamu hiyo alichezwa na mzungu, na kwamba kwa hiyo mke naye alilazimika kuwa mzungu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaanza hadithi katikati. Ushahidi ukipangwa kwa mfuatano wa matukio, kanuni inaonekana kuwa sababu ya mwisho iliyoletwa kuhalalisha jambo ambalo tayari lilikuwa limeamuliwa pale alipochaguliwa mume. Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kwanza ifahamike Anna May Wong alikuwa nani, na alikuwa amefikia wapi katika kazi yake.

Binti wa dobi

Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905 na kupewa jina la Wong Liu Tsong. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa na duka la udobi, na yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa California, jambo linalomaanisha kwamba binti huyu alikuwa kizazi cha pili cha familia yake kuzaliwa katika ardhi ya Marekani. Hata hivyo alikulia chini ya Sheria ya Kuwazuia Wachina ya mwaka 1882, ambayo haikufutwa hadi 1943. Uraia wake ulilindwa na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1898, iliyotamka kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia hata kama wazazi wake ni Wachina, lakini kila alipotaka kusafiri nje alitakiwa kujaza fomu maalumu za idara ya uhamiaji ili aruhusiwe kurudi nyumbani kwake. Mwigizaji ambaye magazeti ya Ulaya yalimpamba kwa picha za ukurasa mzima alihojiwa bandarini na maofisa wa nchi yake kama mgeni anayeshukiwa.

Filamu alizijua kwa kuzifuata. Mitaa ya Chinatown, eneo la Wachina mjini humo, ilitumiwa sana na watayarishaji wa filamu waliohitaji mandhari ya mashariki kwa gharama ndogo, na binti huyu alitoroka shule kwenda kuwatazama wakipiga picha, huku baba yake akikasirika na kumchapa. Akiwa na miaka 14 alipata nafasi miongoni mwa mamia ya waigizaji wa ziada katika The Red Lantern ya mwaka 1919. Nyota wa filamu hiyo alikuwa Alla Nazimova, mwigizaji mkubwa wa jukwaa aliyetoka Urusi, ambaye ndani yake alicheza mwanamke aliyechanganya damu ya Kichina na ya Kizungu. Msomaji alikumbuke jina la Nazimova, kwa sababu linatokea tena katika kisa hiki na si kwa bahati tu.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 17, alicheza mhusika mkuu katika The Toll of the Sea, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za rangi kwa teknolojia ya Technicolor. Anamwokoa mzungu aliyetupwa na bahari, anampenda, anazaa naye, anaachwa, anamkabidhi mtoto kwa mke mzungu wa mwanamume huyo, kisha anajitosa baharini. Hadithi hii ni muhimu kuliko ubora wake, kwa kuwa ndani yake mna kanuni nzima ambayo Hollywood ilimpangia tangu siku hiyo. Mwanamke wa Kichina aliruhusiwa kumpenda mzungu mbele ya kamera, hata kumzalia mtoto, ilimradi kabla taa za ukumbi hazijawashwa awe amekufa. Miaka miwili baadaye Douglas Fairbanks, nyota mkubwa wa filamu bubu, alimpa uhusika wa mjakazi wa Kimongolia anayemsaliti bibi yake katika The Thief of Bagdad, na kuanzia hapo uhusika wake ulizunguka kati ya vituo viwili, yaani mwathirika anayejiua na msaliti anayeuawa.

Jukwaani Ulaya

Mwaka 1928 aliondoka kwenda Ulaya. Mjini Berlin alifanya kazi na mwongozaji Richard Eichberg, na huko Uingereza alicheza katika Piccadilly ya mwongozaji E. A. Dupont, iliyotoka mwaka 1929, akiwa Shosho, msichana wa kuosha vyombo anayegeuka kuwa mchezaji ngoma anayewapita wote. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora ya enzi ya filamu bubu. Jina linaloongoza katika matangazo ni la mwigizaji mwingine, lakini mtazamaji akitoka hamkumbuki mwingine isipokuwa yeye, na anavyosimama tu akisikiliza kunatosha kueleza kile ambacho wengine wanakitafuta kwa kurusha mikono.

Jukwaa lilimpa somo gumu zaidi. Mwezi Machi 1929 alipanda jukwaa la New Theatre mjini London katika The Circle of Chalk, mchezo uliotokana na tamthilia ya kale ya Kichina, akicheza pamoja na Laurence Olivier ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 21. Wahakiki walimsifu kwa sura na mwendo wake, lakini waliisema vibaya sauti yake, kwani walitarajia binti wa kifalme wa Kichina na badala yake wakasikia lafudhi ya California. Lawama hiyo ina kichekesho chake, maana haielezwi binti wa kifalme wa Kichina alipaswa kuzungumza Kiingereza cha wapi. Yeye hakubishana. Alimlipa mwalimu amfundishe matamshi ya Kiingereza cha tabaka la juu, na lafudhi hiyo mpya ikabaki naye maisha yake yote. Alijifunza Kijerumani pia kwa kiwango cha kumwezesha kuigiza na kuimba kwa lugha hiyo jukwaani mjini Vienna mwaka 1930.

Nayataja haya kwa sababu hoja mojawapo iliyotumika baadaye dhidi ya waigizaji wenye asili ya Asia ilikuwa kwamba hawakuwa na mafunzo ya kutosha kubeba filamu nzito. Huyu alikuwa na mafunzo. Oktoba 1930 aliingia Broadway, kitovu cha maigizo ya jukwaani mjini New York, katika On the Spot, mchezo wa Edgar Wallace kuhusu majambazi wa Chicago, na mchezo huo ukaonyeshwa mara 167. Mwezi Novemba mwaka huohuo mama yake aligongwa na gari mbele ya nyumba ya familia huko Los Angeles na kufariki, lakini mkataba wa jukwaani uliendelea na binti aliendelea kupanda kila usiku.

Aliporejea Hollywood alikuta mambo yamebaki yalivyokuwa. Katika Daughter of the Dragon ya mwaka 1931 alikuwa mhusika mkuu na alilipwa dola 6,000, ilhali Warner Oland, Mswidi aliyepakwa rangi kuwa Mchina na ambaye anaonekana kwa sehemu ndogo tu ya filamu, alilipwa dola 12,000. Mwaka 1932 alicheza na Marlene Dietrich katika Shanghai Express na akaifanya kazi ambayo hata leo haijachakaa. Mwaka huohuo MGM ilitayarisha The Son-Daughter, hadithi ya Wachina wa San Francisco, ikamtazama, kisha ikamchagua Helen Hayes, na inaelezwa kwamba sababu aliyopewa Wong ni kuwa alikuwa Mchina mno kucheza Mchina. Katika mahojiano aliyofanya Uingereza mwaka 1933 aliuliza kwa nini Mchina wa kwenye filamu karibu kila mara ndiye mhalifu, na akasema amechoshwa na uhusika aliokuwa akipewa.

Mpangilio wa maamuzi

The Good Earth ilitokana na riwaya yenye jina hilohilo ya mwandishi Mmarekani Pearl S. Buck, iliyotoka mwaka 1931 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Jukwaa ndilo lililoichukua kwanza. Mwaka 1932 Theatre Guild, kampuni ya maigizo ya New York, iliionyesha Broadway, Claude Rains akiwa Wang Lung na O-Lan akichezwa na Alla Nazimova, yule yule ambaye mwaka 1919 Anna May Wong alikuwa mmoja wa umati nyuma yake. Kwa hiyo, MGM ilipoanza kazi, tayari palikuwa na mfano uliokubalika wa jinsi hadithi hii inavyogawiwa: wakulima wa Kichina wachezwe na wazungu wenye sifa ya jukwaani. Hakuna kanuni ya filamu iliyoilazimisha Broadway kufanya hivyo. Ilikuwa ni desturi tu, na desturi hiyo ilikuwepo kabla kanuni haijaanza kubana.

Mtayarishaji wa filamu alikuwa Irving Thalberg, akisaidiwa na Albert Lewin. Mradi ulikuwa mkubwa kupita kawaida. Timu ilitumwa China kupiga picha na kununua vifaa, mashamba ya ngazi yalichongwa kwenye vilima vya Chatsworth, California, na gharama zikafikia takriban dola milioni 2.8. Serikali ya China, iliyokuwa imechoshwa na jinsi watu wake walivyochorwa na Hollywood, iliruhusu kazi hiyo kwa masharti, yakiwemo kwamba mwakilishi wake ahudhurie upigaji picha na kwamba China ionyeshwe kwa heshima. Ilieleza pia matumaini yake kwamba waigizaji wangekuwa Wachina. Buck mwenyewe alitamani hivyohivyo. Lakini kwa kampuni inayotoa fedha kiasi hicho matumaini si mkataba. MGM ilitaka jina litakalowavuta watu kununua tiketi, na jina hilo likawa Paul Muni.

Muni alikuwa mwigizaji hodari aliyelelewa katika tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, na aliyesifika kwa kujibadilisha sura. Kuchaguliwa kwake hakukusababishwa na kanuni yoyote ya maadili. Ulikuwa ni uamuzi wa kibiashara na wa mazoea. Hapa ndipo kisa kinapoamuliwa, kwa maana mara tu Wang Lung alipokuwa mzungu, kila mhusika atakayemgusa, kumkumbatia au kulala naye aliingia katika hesabu nyingine.

Hesabu hiyo ni ile ya Kanuni za Utayarishaji wa Filamu, zilizopitishwa mwaka 1930 chini ya Will Hays, mkuu wa chama cha makampuni ya filamu, na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na ofisi ya Joseph Breen iliyokagua filamu. Yafaa maneno yake yasomwe kama yalivyo. Kanuni zilikataza kuonyesha uhusiano wa kimwili kati ya watu weupe na watu weusi. Wachina hawakutajwa. Ni desturi ya ofisi hiyo na ya makampuni yenyewe iliyolipanua katazo hilo hadi kwa watu wa Asia, kwa kufuata roho ya sheria za ndoa za majimbo kama California, ambayo hadi mwaka 1948 haikumruhusu mzungu kuoana na mtu waliyemwita wa jamii ya Kimongolia. Isitoshe, katika hadithi ya The Good Earth hakuna mapenzi ya watu wa rangi mbili. Wang Lung ni Mchina, O-Lan ni Mchina, na aliyeandika riwaya hakuweka mzungu hata mmoja ndani ya nyumba yao. Katazo likitumika hapa linatumika kwa waigizaji, wala si kwa wahusika, na hiyo ni hatua ya pili ya upanuzi juu ya ile ya kwanza.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita bila kusimama ni majaribio ya kamera ya Desemba 1935. MGM ilimwita Anna May Wong, lakini si kwa ajili ya O-Lan. Ilimjaribu kwa uhusika wa Lotus, mwimbaji wa nyumba ya chai ambaye Wang Lung anamwoa kuwa mke wa pili baada ya kutajirika, na ambaye anaivuruga familia nzima. Lotus ni mke wa Wang Lung kama O-Lan alivyo mke wake, na tena yeye ndiye anayehusishwa zaidi na tamaa ya mwili. Ikiwa kanuni ilizuia kabisa mwanamke wa Kichina kuwa mke wa Muni mbele ya kamera, basi ingemzuia kwa Lotus kabla ya kumzuia kwa O-Lan. Kampuni iliyoamini kwamba katazo ni ukuta isingepoteza filamu na muda wa mafundi kumjaribu kwa uhusika huo. Kilichotofautiana kati ya wanawake hao wawili ni heshima ya uhusika. O-Lan ni mama, mvumilivu, kiini cha hadithi. Lotus ni kishawishi. Kwa kipimo cha miaka kumi na tatu ya kazi yake, Lotus ndiye aliyekuwa "wake".

Kuhusu kilichofuata kuna simulizi mbili, nazo hazilingani vizuri. Ya kwanza ni yake mwenyewe: kwamba aliwaambia angefurahi kucheza O-Lan, lakini wanamtaka yeye, mwenye damu ya Kichina, acheze uhusika pekee usio na utu katika filamu ambayo Wachina wengine wote wanachezwa na Wamarekani weupe, na hilo hatalifanya. Ya pili inatoka katika maandishi ya ofisi ya Lewin, ambaye baada ya majaribio aliandika kwamba sura yake ilimvunja moyo kidogo, kwamba hakuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtazamaji aamini jinsi Wang anavyopagawa, ingawa alistahili kufikiriwa. Baadhi ya waandishi huchagua moja na kuitupa nyingine. Sioni sababu ya kufanya hivyo. Mwigizaji anaweza kwenda kwenye majaribio akitumaini kwamba mlango wa Lotus utamfikisha kwenye mazungumzo kuhusu O-Lan, akaona haitakuwa hivyo, akakataa. Na mtayarishaji naye anaweza kuwa amesitasita kabla hajakataliwa. Simulizi zote mbili zinaafikiana katika jambo moja lenye uzito: O-Lan hakuwa mezani.

Mwishowe Lotus alichezwa na Tilly Losch, mchezaji ngoma kutoka Austria. Kigezo cha uzuri kilichomkwamisha mwanamke ambaye Ulaya nzima ilimchora na kumpiga picha kikatimizwa, inaonekana, kwa mwanamke wa Vienna aliyevutwa macho kwa gundi na kalamu. Waigizaji wa asili ya Kichina walipewa uhusika mdogo: Keye Luke alikuwa mtoto mkubwa wa Wang Lung, na Mary Wong, mdogo wake Anna May, naye alionekana humo.

Haki inadai kusema kwamba Rainer hakuiba chochote. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyeandaliwa katika kundi la mwongozaji wa maigizo Max Reinhardt, alipangiwa kazi na kampuni iliyokuwa na mkataba wake, na aliifanya kwa utulivu wa hali ya juu. O-Lan wake husema maneno machache sana na hubeba filamu kwa macho na mabega. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayoufanya uamuzi wa MGM uonekane wa ajabu hata kwa kigezo cha ufundi pekee. Uhusika usiosema sana, unaodai mwili uongee na uso usidanganye, ulimfaa kabisa mtu aliyefundishwa kazi na filamu bubu, na katika ujuzi huo Wong hakuwa na wengi wa kumzidi.

Swali moja linabaki upande wa utetezi wa MGM, nalo ni la haki: je, mwaka 1935 angepatikana wapi Wang Lung mwenye asili ya Asia na jina kubwa? Sessue Hayakawa alikuwa Mjapani, na baada ya Japani kuivamia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1931 kumweka katika filamu iliyosimamiwa na mwakilishi wa serikali ya China kusingewezekana. Keye Luke alikuwa ameanza tu. Kampuni ingelazimika kumtafuta mtu asiyejulikana na kumjenga. Hilo ni kweli, ila ukosefu huo haukuanguka kutoka mbinguni. Tangu Hayakawa aondoke kwenye kilele chake cha miaka ya 1910, makampuni yenyewe yalikuwa yamempa Oland na wenzake kila uhusika wa Kiasia wenye uzito, kisha yakatazama huku na huku na kusema hayaoni mwigizaji wa Kiasia mwenye jina.

China nayo ilikuwa na neno

Kama kisa kingekuwa cha Hollywood peke yake kingekuwa chepesi kukihukumu. Upo ushahidi kwamba washauri wa Kichina hawakumtetea, na kwamba MGM iliambiwa magazeti ya China humlaumu kila filamu yake mpya inapotoka kwa kulivunjia taifa heshima. Kwa serikali iliyokuwa ikipigania hadhi ya nchi yake mbele ya dunia, mjakazi wa The Thief of Bagdad na binti muuaji wa Daughter of the Dragon hawakuwa wajumbe wa kujivunia. Hivyo uhusika aliopewa kwa kuwa ni Mchina ulitumika kama sababu ya kumnyima uhusika wa Mchina mwenye heshima, na waliosema hivyo walikuwa pande mbili za bahari.

Januari 1936 alipanda meli kwenda China kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shanghai ilimpokea vizuri. Alikutana na Mei Lanfang, gwiji wa tamthilia ya Peking, na Hu Die, nyota wa filamu wa China. Hakuweza kuzungumza nao kwa lugha ya kaskazini, kwa kuwa Kichina chake kilikuwa cha Taishan, kusini, alikotoka babu yake. Mjini Nanjing maofisa walimkaribisha mezani kisha wakatoa hotuba ndefu za kumkosoa kwa kazi zake. Jibu lake lilikuwa la mtu mzima: kwamba anayeanza hana uwezo wa kuchagua uhusika, na kwamba alikuja kujifunza. Alimtembelea baba yake, ambaye alikuwa amerudi kuishi kijijini kwao, akakaa Beijing miezi kadhaa akisoma lugha na kutazama tamthilia, na akaandika safari hiyo katika makala za gazeti la New York Herald Tribune.

Wakati yeye yuko huko, MGM ilikuwa ikipiga picha za China huko Chatsworth. Thalberg alifariki Septemba 1936 kabla filamu haijakamilika, ikatolewa mwaka 1937 ikiwa na maandishi ya kumkumbuka, na mbali na tuzo ya Rainer ikapata Oscar ya upigaji picha kwa Karl Freund.

Baada ya hapo

Waandishi wengi humaliza maisha yake hapa, kana kwamba alibaki akimlilia O-Lan hadi kufa. Aliporudi kutoka China alifanya kinyume. Alijiunga tena na kampuni ya filamu ya Paramount na kudai uhusika wa aina nyingine, na mwaka 1937 akacheza katika Daughter of Shanghai, filamu ya bajeti ndogo iliyoongozwa na Robert Florey, akiwa binti anayepeleleza wauaji wa baba yake. Mpenzi wake ndani ya filamu ni mpelelezi wa serikali anayechezwa na Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Wote wawili wanabaki hai na wanapanga kuoana. Ofisi ya Breen haikuwa na la kusema, na kwa mchambuzi wa kisa cha The Good Earth huu ni ushahidi wa thamani: katika mwaka uleule, chini ya kanuni zilezile, palipokuwa na mwanamume wa Kiasia upande wa pili mlango ulikuwa wazi. Filamu hiyo iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika King of Chinatown ya mwaka 1939 alicheza daktari wa upasuaji. Bajeti zilikuwa za filamu za daraja la pili, na hilo ndilo lililokuwa gharama ya heshima: aliipata pale ambapo fedha hazikuwa nyingi kiasi cha kumwogopesha mwekezaji.

Wakati wa vita alikusanya michango kwa ajili ya China, akatoa malipo yake ya filamu mbili za mwaka 1942 kwa mfuko wa misaada, na bado, Madame Chiang Kai-shek, mke wa kiongozi wa China, alipotembelea Los Angeles mwaka 1943 na nyota wa Hollywood wakapangwa kumlaki, yeye hakuwemo kwenye orodha. Mwaka 1951 televisheni ya DuMont ilimpa The Gallery of Madame Liu-Tsong, ambamo alikuwa mfanyabiashara wa sanaa anayefumbua uhalifu. Ndiye Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kuongoza mfululizo wa televisheni nchini humo. Hakuna nakala ya vipindi hivyo inayojulikana kuwepo leo.

Mwaka 1960 alipata nyota yake kwenye njia ya mashuhuri ya Hollywood na akaonekana katika filamu yake ya mwisho, Portrait in Black, akiwa mtumishi wa nyumbani. Alikuwa amepangiwa pia uhusika wa Madame Liang katika Flower Drum Song, filamu ya kampuni kubwa ambayo karibu waigizaji wake wote walikuwa wenye asili ya Asia, jambo ambalo mwaka 1935 MGM iliamini haliwezekani kibiashara. Afya haikumruhusu, na tarehe 3 Februari 1961 moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake Santa Monica, akiwa na miaka 56. Uhusika wa Madame Liang ulichezwa na Juanita Hall, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameucheza pia Broadway.